Kinasa Sauti kwa Mhamilishaji wa Ng'ombe: Kisa cha Barabara ya Njoro–Molo

Tumchukue mhamilishaji wa ng'ombe, yaani mtu anayewapandisha kwa mbegu za fahali zilizohifadhiwa badala ya fahali mwenyewe, anayehudumia wafugaji kati ya Njoro, Elburgon na Molo, kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Anatembea kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma, na kwa siku yenye kazi anapita maboma manane hivi. Kila ng'ombe anayempandisha anampa mambo ya kukumbuka: namba ya herini, saa joto (dalili za kutaka fahali) lilipoonekana, saa ya kupandishwa, namba ya fahali, kama ni mara ya kwanza au amerudia, na hali ya ute. Risiti ya mfugaji anaiandika palepale, lakini mkono ukiwa umelowa na mvua ya Molo ikipiga, anaandika namba mbili tatu basi. Mengine anayabeba kichwani hadi jioni, akifika nyumbani ndipo afungue daftari kubwa.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Ng'ombe wa boma la tatu anachanganywa na wa boma la tano, wote Friesian, wote wamerudia. Saa ya joto ikikosewa, hakuna anayeweza kujua baadaye kama ng'ombe alipandishwa mapema mno au amechelewa. Kanuni ya kazi ni kwamba aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Namba ya fahali ikikosewa madhara ni makubwa zaidi na hujificha miaka: mtamba anaweza kuja kupandishwa kwa mbegu za baba yake mwenyewe, na mfugaji anayetaka kusajili ndama kwenye Kenya Stud Book, rejista ya ukoo wa mifugo ambayo ofisi zake ziko papa hapa Nakuru, atakuwa na ukoo wa uongo mkononi. Hata tarehe tu ina uzito wake. Joto hurudi baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, na mfugaji aliyepewa tarehe isiyo sahihi ataangalia ng'ombe wake wiki ambayo si yake.

Kwa hiyo wazo la kuvaa kifaa kinachonasa sauti, ukasema maneno ishirini na kuendelea na safari, ni zuri kweli. Tatizo ni kwamba vifaa vya aina hii vimebuniwa kwa mtu anayetembea mjini mikono mitupu. Ukivipeleka krashini, yaani kwenye kizuizi cha mbao cha kumbana ng'ombe, vingi vinaanguka kwa sababu ambazo hazimo kwenye tangazo lolote la biashara.

Mikono iko wapi?

Kabla ya kutazama kifaa chochote, itazame mikono. Mhamilishaji anayetumia mkono wa kulia huishika bunduki ya kupandishia kwa mkono huo, na wa kushoto, ukiwa ndani ya glavu ndefu hadi begani, umo ndani ya ng'ombe ukishika shingo ya kizazi. Katika dakika hizo hakuna kidole kilicho huru, na wala hakuna haja ya kusema kitu. Kabla ya hapo mrija wa mbegu umetolewa kwenye mtungi wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri na kuyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40 hivi. Macho yako kwenye saa na kipimajoto. Huo pia si wakati wa kusema.

Nafasi halisi ya kunasa sauti ni moja, nayo ni fupi: glavu imetolewa, mikono imenawa, pikipiki haijawashwa. Ni nusu dakika. Kifaa kinachohitaji hatua tatu ili kianze kurekodi kitaachwa siku hiyo ya kwanza yenye mvua, kwa sababu mfugaji mwingine tayari anapiga simu: "Daktari, ng'ombe yangu imeita tangu asubuhi, utafika saa ngapi?"

Simu hiyo yenyewe ni aina nyingine ya taarifa inayopotea, maana inaingia mtu akiwa barabarani. Na hapa dawa yake si kifaa chochote cha kuvaa. Mfugaji aombwe atume ujumbe wa sauti wa WhatsApp au SMS yenye saa ya joto. Ujumbe huo unabaki na tarehe na saa yake, kwa maneno ya aliyemwona ng'ombe, na mwenye pikipiki hana sababu ya kuongea akiendesha.

Vifaa vilivyopimwa

Simu yenyewe ndiyo mshindani wa kweli, na haifai kudharauliwa. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp inamruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe. Ukibandika mazungumzo hayo juu kabisa, unabonyeza alama ya maikrofoni, unatelezesha juu ili ifunge, unasema, unatuma. Sauti hubanwa kwa mfumo wa Opus, na sekunde 25 huchukua chini ya kilobaiti 100, kwa hiyo bando haiguswi. Pasipo na mtandao, ujumbe unasubiri kwenye simu ukiwa na saa yake. Gharama ni sifuri. Kinachoiangusha ni maji. Kisomea alama ya kidole hakitambui kidole kilicholowa au chenye mabaki ya mafuta ya kulainisha, na kioo chenye matone ya mvua hubonyeza chenyewe. Mtu anaishia kufuta simu kwenye suruali, kuandika namba ya siri mara mbili, na nusu dakika imekwisha. Pia simu hiyohiyo inapigwa mfululizo; kwenye simu nyingi, simu ikiingia kinasa sauti hukatika au husimama.

Kifaa cha sikioni cha Bluetooth huvutia kwa sababu wengi wanacho tayari. Lakini kina kasoro tatu zinazokutana pamoja. Sauti inayopitia maikrofoni yake hutumia njia ya simu, na kwenye vifaa vya zamani hupunguzwa hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, ambapo herufi kama "s" na "f" hufifia. Muunganisho huchukua sekunde moja au mbili kuamka, na neno la kwanza linamezwa. Halafu kuna helmeti: kifaa kinabanwa sikioni na kuumiza, au kinang'olewa kila helmeti inapovuliwa na kudondoka kwenye samadi.

Saa janja ndiyo ambayo wengi wangeikimbilia. Saa ya bei kubwa, kama Apple Watch au Galaxy Watch, ina programu ya kurekodi ndani yake na huhifadhi sauti bila simu. Saa nyingi za bei nafuu hazina. Maikrofoni yake ni ya kuongea simu kupitia Bluetooth tu, na muuzaji akisema "ina maikrofoni" hajadanganya. Jaribio la dukani ni rahisi: zima simu kabisa, kisha jaribu kurekodi kwenye saa na kuisikiliza hapohapo. Isipowezekana, hiyo si kinasa sauti.

Hata ikiwa ni saa nzuri, inavaliwa mkono gani? Watu wengi huvaa kushoto, na kushoto ndiko kunakoingia ndani ya ng'ombe. Saa chini ya glavu inafanya uvimbe mgumu unaoweza kuumiza ukuta wa utumbo, na inabonyezwa ovyo na misuli ya ng'ombe anapokaza. Lazima ihamie mkono wa kulia. Huko nako, anayetaka kuianzisha atatumia kidole cha mkono wa kushoto uliotoka kwenye glavu sasa hivi. Kama mkono haujanawa, uchafu umehama kutoka ng'ombe hadi saa, na kutoka saa hadi boma linalofuata. Saa yenye kitufe halisi kinachoweza kupangiwa kazi ya kurekodi inavumilika; ile inayotegemea kioo peke yake itashindwa kwenye mvua kama simu. Na chaji yake ya siku moja au mbili inaongeza kitu cha kukumbuka kila usiku.

Pete ni jambo jipya zaidi. Pebble Index 01, iliyotangazwa Desemba 2025, huvaliwa kwenye kidole cha shahada na kubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono huohuo. Kwa ubunifu wa kunasa wazo kwa haraka, hakuna kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki: mkono mmoja, kitufe kimoja, hakuna kioo. Lakini betri yake haichajiwi. Imekadiriwa kudumu takriban saa 12 hadi 15 za kurekodi kwa jumla, na makadirio ya kukaa nayo miaka yanamhusu mtu anayesema sekunde chache kila mara. Mhamilishaji wetu ana taarifa kama 20 kwa siku, kila moja sekunde 20, yaani karibu dakika saba. Gawanya saa 12 kwa dakika hizo: siku 108. Gawanya saa 15: siku 135. Pete inakwisha ndani ya miezi minne hivi.

Lakini betri si sababu kuu. Sababu kuu ni usalama. Mtu anayeshika kamba, minyororo na mbao za krashi huku ng'ombe wa kilo 500 akirusha kichwa hapaswi kuvaa pete yoyote. Pete ikinaswa na ng'ombe akavuta, ngozi na nyama ya kidole huvuliwa kama soksi. Hili halina mjadala. Kwa seremala, mwenye mashine ya kusaga au fundi wa magari, jibu ni hilohilo.

Kundi la mwisho ni vibandiko vya kifuani vinavyosikiliza mchana kutwa na kupeleka kila kitu kwenye seva ili akili mnemba ikuandikie muhtasari. Humane AI Pin ilianza kuwafikia wanunuzi Aprili 2024 kwa dola 699, pamoja na dola 24 kila mwezi. Februari 2025 mali za kampuni zilinunuliwa na HP kwa dola milioni 116, na tarehe 28 ya mwezi huohuo seva zikazimwa. Kilichobaki kifuani mwa mteja hakikuweza tena kuuliza wala kujibu kupitia seva hizo. Si kila kampuni itaishia hivyo, lakini kifaa ambacho hakifanyi kazi bila seva ya mtu mwingine ni cha kukodi, hata kama umelipa bei ya kununua. Tena mabonde ya kuelekea Mau yana sehemu nyingi zisizo na mtandao.

Kibaya zaidi ni kusikiliza mfululizo. Mhamilishaji anaingia nyumbani kwa watu. Anakaribishwa chai, anasikia habari za mgonjwa, za deni, za shamba lenye kesi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na msingi halali, aseme anakusanya nini, na asiiweke zaidi ya inavyohitajika. Kurekodi chai ya watu hakuna msingi wowote unaotokana na kazi ya kupandisha ng'ombe. Hata sheria isingekuwepo, mfugaji akigundua siku moja kwamba kile kibandiko kilikuwa kikisikiliza, habari itazunguka kituo cha kupokea maziwa kabla ya saa sita mchana.

Uamuzi

Kilichobaki ni kile kinachoonekana duni: kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi, kisicho na mtandao, chenye swichi ya kusukuma. Kwa kazi hii hicho ndicho kinachofaa, simu ikiwa akiba. Swichi ya kusukuma ina faida ambayo kitufe cha kubonyeza hakina: kidole kinajua hali yake bila macho. Juu inarekodi, chini imezima. Kitufe cha kubonyeza huzaa kosa linalojulikana sana, la mtu kudhani anaanza kumbe anazima. Anasema yote, kifaa kiko kimya, halafu anarekodi dakika arobaini za mngurumo wa pikipiki. Kama ni kitufe tu kinachopatikana, kiwe cha kutetema mara moja kikianza na mara mbili kikizima.

Mipangilio minne ifanywe siku ya kwanza. Kuanza kwa sauti, yaani kifaa kujiwasha kikisikia mtu anaongea, kuzimwe kabisa. Hukata silabi ya kwanza, na silabi ya kwanza ndiyo namba ya risiti. Ubora uwe MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, karibu megabaiti moja kwa dakika. Kwa kumbukumbu ya gigabaiti 8 hizo ni zaidi ya saa 130, na WAV ya stirio inayokula megabaiti 10 kwa dakika haiongezi chochote kwa sauti ya mtu mmoja. Saa ya kifaa irekebishwe. Na kila faili iwe mpya, isiungwe na ya jana.

Kuhusu saa hiyo, onyo. Vinasa sauti vingi vidogo hupoteza tarehe betri ikiisha kabisa, na faili zote zinazofuata huandikwa tarehe ya kiwandani. Kwa hiyo tarehe na saa zisemwe kwa mdomo kila mara, hata kama kifaa kina saa yake.

Mahali pa kubana ni ukosi wa kushoto au kulia, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kikiwa na sifongo cha kuzuia upepo. Si ndani ya mfuko wa shati, maana kitambaa kikisuguana na maikrofoni hufunika sauti. Wala si kwenye kamba ya shingoni: kamba hunaswa na krashi, na mtu akiinama juu ya mtungi wa naitrojeni kifaa kinaning'inia juu ya mdomo wake. Mhamilishaji asimame na mgongo kwa upepo, pikipiki ikiwa imezimwa. Kifaa kiguswe kwa mkono ulionawa tu, na kati ya boma na boma kipanguswe kwa pamba yenye spiriti, kwa sababu magonjwa kama ya miguu na midomo hayachagui njia ya kusafiria.

Maneno yenyewe yawe na mpangilio usiobadilika, hata ukichoka. Mfano: "Risiti nne, moja, saba. Jumanne tarehe tisa, saa tano kasoro robo asubuhi. Herini sifuri, tatu, mbili; narudia, sifuri, tatu, mbili. Joto jana saa kumi na mbili jioni. Mara ya pili. Fahali, mwisho tano, tano, nane. Ute safi. Mwisho." Ni sekunde ishirini na kitu. Namba zisemwe tarakimu mojamoja. "Tatu" na "tano" hukaribiana sana kwenye upepo, basi namba ya herini irudiwe mara ya pili. Neno "mwisho" lina kazi: usipolisikia jioni, unajua rekodi ilikatika. Jina la mfugaji na namba yake ya simu havitajwi kamwe. Namba ya risiti inatosha kuunganisha, na kifaa kikidondoka barabarani pale Elburgon, atakayekiokota hapati habari ya mtu yeyote.

Kuna shahidi mwingine asiye na gharama: mrija mtupu. Namba ya fahali imechapishwa juu yake. Ukipanguswa na kutiwa kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, kwa mpangilio wa siku, unasahihisha kosa lolote la sauti. Namba ya fahali ikibishaniwa, mrija ndio unaoaminiwa. Sauti ni ya yale ambayo mrija hauyajui.

Jioni

Taarifa iliyo ndani ya kinasa sauti bado haijaandikwa popote. Hapa ndipo mipango mingi hufia, na si kwa sababu ya kifaa. Rekodi za siku tatu zikirundikana ni saa nzima na ushei ya kusikiliza na kuandika, na hakuna anayeianza. Za siku moja ni dakika saba za kusikiliza, nusu saa ukiandika taratibu. Waya wa OTG unaunganisha kinasa sauti na simu. Faili zinanakiliwa kwenye folda ya tarehe hiyo, zinasikilizwa, daftari linajazwa, mirija inalinganishwa. Kisha kinasa sauti kinafutwa na kuchajiwa. Nakala ya kwenye simu ikae hadi ng'ombe apite siku 24 bila kurudia joto, halafu nayo ifutwe.

Kuiachia programu ikuandikie kunatamanisha. Whisper ya OpenAI, iliyotolewa Septemba 2022, inaelewa Kiswahili kiasi, na inaweza kufanya kazi bila mtandao. Lakini katika saa 680,000 za sauti iliyofunzwa nazo, ni saa 117,000 tu zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza. Majina kama Nessuit, Kihingo na Mauche hutoka yamevunjika. Na kuna mtego wa saa: "saa mbili asubuhi" kwetu ni saa 8:00 ya kwenye simu, ila programu inaweza kuandika 2:00. Kwa kazi ambayo asubuhi na jioni ndizo zinazoamua ng'ombe apandishwe lini, kosa la saa sita ni kosa kamili. Dakika saba za kusikiliza kwa masikio yako ni nafuu kuliko kukagua maandishi yenye makosa ya namna hiyo.

Wiki mbili za kwanza daftari dogo la mfukoni lisiachwe. Kila rekodi isiyotumika iwekewe alama ya sababu: upepo, swichi, betri, au ilisahaulika. Zikiwa nyingi za upepo, kifaa kihamishiwe upande wa pili wa ukosi na sifongo kibadilishwe. Zikiwa za swichi, kifaa hakifai, kirudishwe dukani mapema. Za betri zinamaliziwa kwa chaja ya pikipiki. Zikiwa nyingi za kusahau, mahali pa kubana pahame kutoka ukosini hadi kwenye mkanda wa begi la glavu, ambalo lazima mkono ulifungue kila boma.